Golu ya Nyumbani: Niliyojifunza Ukweni Mylapore

Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam, Navaratri ni sikukuu ya kucheza. Katika mitaa ya Kisutu na Upanga, ambako Wahindu wengi wana asili ya Gujarat, siku hizo tisa hujulikana kwa ngoma ya garba na kwa mlio wa vijiti vya dandia vinavyogonganishwa hadi usiku mwingi, kiasi kwamba hata sisi tusio wa dini hiyo tuliijua sikukuu kwa sauti yake. Nilipoolewa na kuhamia Chennai, kusini-mashariki mwa India, nilitarajia vijiti. Nilichokikuta katika nyumba ya wakwe zangu, katika mtaa wa Mylapore, kilikuwa ngazi pana iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe na kujaa wanasesere, pamoja na mlango wa mbele ulioachwa wazi kila jioni ili jirani yeyote aingie kutazama.

Desturi hiyo huitwa golu, au kwa urefu wake bommai kolu. Watu wa majimbo jirani nao wana majina yao: wa Karnataka huiita gombe habba, na wa Andhra Pradesh huiita bommala koluvu. Si kila nyumba ya Watamil, wenyeji wa Chennai, huifuata; imeshika zaidi kwa Wabrahmini, tabaka la makuhani, na jamii nyingine kadhaa, na wapo majirani zetu Wahindu wa mtaa uleule ambao hawajawahi kupanga hata mwanasesere mmoja. Huko Mysuru, mji wa Karnataka, ambako ukoo wa kifalme wa Wodeyar umeendeleza Dasara, jina la huko la sikukuu hii, iliyoanzishwa na Raja Wodeyar mjini Srirangapatna mwaka 1610, wanasesere hupangwa hata ndani ya kasri. Golu ninayoijua mimi ni ya sebuleni, ile ambayo haipati nafasi mpaka televisheni ihamishwe na kochi lisukumwe hadi ukutani.

Watoto husimuliwa kwamba Mahishasura, jitu lenye umbo la nyati, lilijipatia ahadi kuwa hakuna mwanamume wala mungu wa kiume angeweza kuliua. Miungu ikakusanya nguvu zake zote na kumkabidhi mungu wa kike Durga, naye akapigana na jitu hilo kwa siku tisa na kulishinda katika siku ya kumi. Na kwa kuwa miungu ilikuwa imetoa kila ilichokuwa nacho, ilibaki imesimama kama sanamu muda wote wa vita. Hivyo ndivyo Paati, bibi yake mume wangu, anavyoieleza asili ya wanasesere. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima humwita Amma, yeye husema kwamba golu ni baraza la Mungu wa kike, na kila aliyepangwa kwenye ngazi amehudhuria barazani. Sijapata kuwasikia wakibishana juu ya tofauti hiyo. Ubishi wao wanauwekea nani akae kipandio gani.

Mimi sikuzaliwa katika dini hiyo, na nilipoingia katika nyumba ile tulielewana mapema kwamba taa, mantra na sala ni za wenyewe, ilhali sehemu yangu ni kazi za mikono: kufungua masanduku, kufuta vumbi, kupanga, kukuna nazi na kupokea wageni. Kwa kazi hizo nimeifahamu golu kwa namna ambayo pengine nisingeifahamu kama ningekaa kochini nikitazama.

Masanduku hushushwa kutoka darini siku ambayo mwezi umo gizani kabisa, iitwayo Mahalaya Amavasya, mwezi wa Septemba au Oktoba, na usiku wa kwanza wa sikukuu huwa kesho yake. Kanuni ya kufungua haina msamaha: sanduku huwekwa sakafuni, mkeka hutandikwa, anayefungua huwa ameketi, na mtu aliyesimama hapokei kitu. Wanasesere wengi ni wa udongo, na udongo ukianguka juu ya sakafu ya marumaru hauachi cha kuunganisha. Kila mmoja amefungwa kwa gazeti la mwaka alipofungwa mara ya mwisho, na wale ambao kwa muda mrefu hawakupata nafasi kwenye ngazi bado wamo katika magazeti ya miaka ya nyuma, yenye matangazo ya sinema na bei za dhahabu ambazo leo zinachekesha. Baba mkwe huketi kando akiyanyoosha na kuyasoma, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kazi kuchelewa.

Kwa kuwa desturi inataka kila mwaka aongezwe angalau mwanasesere mmoja mpya, masanduku ya nyumba iliyokaa muda mrefu huwa ni kumbukumbu za ukoo. Amma hana kitabu cha historia ya familia, lakini ana Krishna anayecheza filimbi, aliyenunuliwa mwaka aliozaliwa mume wangu, ana seti ya harusi yenye wapiga zumari za nadaswaram na wapishi wao, aliyoletewa na dada yake, na ana Ganesha mdogo mwenye rangi iliyochujuka ambaye alitoka kwa mama yake. Ukiuliza habari ya mwanasesere utajibiwa habari ya mtu: aliyemnunua alikuwa nani, aliishi wapi, alifanya kazi gani, na kwa nini hakuzungumza na kaka yake.

Vipandio vya ngazi huwa vya idadi ya witiri: 3, 5, 7, 9, hata 11 kwa wenye sebule kubwa. Paati anasimulia kwamba zamani ngazi ilijengwa kwa masanduku ya bati, meza, mbao na vitabu vinene vya marehemu mumewe, na kila mwaka ilipatikana sura tofauti. Sasa tuna ngazi ya chuma inayokunjwa na kufungwa kwa skrubu, jambo ambalo yeye hulikubali bila kulipenda. Juu yake hutandikwa veshti, ile shuka nyeupe ya wanaume yenye ukingo wa dhahabu, ikavutwa na kubanwa kwa pini mpaka isibaki mkunjo. Kalasam hupewa nafasi ya heshima: ni chungu cha shaba chenye maji, mdomoni kimezungushiwa majani ya mwembe na juu yake imekalishwa nazi iliyopakwa manjano. Vipandio vya juu ni vya miungu, vinavyofuata ni vya watakatifu na watu wakuu, ambako Gandhi hakosi, na vya chini ni vya watu wa kawaida na shughuli zao, pamoja na wanyama. Mpango huo hupanda kutoka kwa viumbe kwenda kwa Mungu, na mtu akiushika, nusu ya maswali ya nani akae wapi hujijibu yenyewe.

Nusu iliyobaki ndiyo huchukua jioni nzima. Seti isiyovumilia uzembe ni Dasavatharam, maumbo kumi ya mungu Vishnu, ambayo lazima yafuatane: samaki, kobe, nguruwe mwitu, Narasimha aliye nusu mtu nusu simba, mbilikimo Vamana, Parashurama mwenye shoka, Rama, Balarama, Krishna, na mwisho Kalki juu ya farasi. Mpangilio huo wageni wenye umri huukagua kimyakimya kabla ya kusifu kitu chochote, na nimemwona bibi mmoja ambaye, hata kabla ya kuvua viatu vizuri, alinyoosha mkono na kuwabadilishana nafasi wawili, kisha akaketi na kuomba maji. Hakuna aliyeona kwamba amevuka mpaka. Golu ya mtu, nilikuja kuelewa, ni mali ya kila anayeijua.

Chini kabisa, mbele ya ngazi, huketi Chettiar na mkewe, wenye duka wanene wenye nyuso za furaha, wakiwa wamezungukwa na vibakuli vidogo vya mchele, choroko, dengu, chumvi na sukari ya mawe. Ni bidhaa halisi, na watoto huzichokoa kila siku. Pembeni, katika sinia la mchanga, Amma hupanda mbegu za mharadali siku chache kabla ili zichipue na kuwa bustani, akaweka kioo kiwe bwawa na bata wa plastiki juu yake.

Wenye hadhi ya pekee ni marapachi, mume na mke wa mti, ambao kwa desturi huchongwa kwa msandali mwekundu na ambao binti hupewa na wazazi wake anapoolewa. Marapachi wa Paati wamekuwa weusi kwa umri, na pua zao zimelainika kwa kushikwa. Hao kila mwaka huvishwa upya, na kazi ya kuwavisha ilinifikia mimi kwa sababu najua kushona. Kukunja marinda ya sari juu ya mwili usio na kiuno wala miguu iliyotengana kunataka kitambaa chepesi cha hariri, uzi wa rangi ileile, na mishono miwili ya siri mgongoni, ambayo Paati huikagua kwa kidole kwa kuwa macho yake hayaioni tena. Mwanamume hupewa veshti na kilemba; mwanamke huongezewa kidani cha shanga na ua kichwani.

Ilipofika zamu yangu ya kuchagua mwanasesere mpya, Amma aliniambia nilete wa kwetu. Nilileta kinyago cha Kimakonde kutoka soko la vinyago la Mwenge, cha mpingo, cha aina ile iitwayo ujamaa, ambamo watu wamepandana na kushikana wakiwa wametokana na gogo moja. Amma alikizungusha mkononi, akashangaa uzito wake, kisha akauliza, "Hawa ni akina nani, mwanangu?" Nikamweleza kwamba ni ukoo, wazee kwa watoto wao, wanaobebana. Akasema basi mahali pao ni karibu na harusi. Paati, aliyekuwa amenyamaza kwenye kiti chake, alitoa pingamizi moja tu: "Hawajavaa." Nilikata ukanda mwembamba wa pindo la kanga, nikauzungusha chini ya kinyago, na tangu hapo kila mwaka ukoo huo wa mpingo hupanda kipandio cha watu, hatua chache kutoka kwa marapachi wa msandali, na kila mwaka wageni huuliza habari zake kabla ya kuuliza za miungu.

Mwanasesere mpya wa kawaida hununuliwa Mtaa wa North Mada, ubavuni mwa hekalu la Kapaleeshwarar, ambako kwa wiki kadhaa wauzaji hupanga bidhaa zao barabarani na kuwaachia waenda kwa miguu kichochoro. Huko hupatikana wa udongo kutoka Panruti, wa karatasi iliyopondwa na gundi kutoka Kanchipuram, wa mbao nyepesi kutoka Kondapalli, na siku hizi wengi wa plasta. Amma humgeuza kwanza mwanasesere na kutazama kitako chake, maana rangi huficha mwili lakini kitako husema ukweli: plasta huacha unga mweupe kidoleni, udongo uliochomwa hulia ukigongwa kwa ukucha. Kisha hutazama macho. Mwili unaweza kupakwa rangi na yeyote, lakini jicho huhitaji mkono uliozoea, na mwanasesere mwenye macho yasiyolingana atakutazama vibaya kila Oktoba ya maisha yako. Bei hupatanwa baadaye, nayo Amma huipatana kwa kuondoka.

Jikoni nilijiona niko kwetu. Kila jioni ya Navaratri hupikwa sundal, yaani kunde au jamii zake zilizochemshwa na kukaangizwa, na kila siku huwa na aina yake: dengu leo, kesho choroko, keshokutwa kunde nyekundu, halafu njegere, halafu karanga mbichi za kuchemsha. Mafuta hupashwa moto, hutiwa punje za mharadali, na zikishaanza kupasuka hutiwa pilipili kavu na majani ya mchuzi, kisha dengu zilizoiva lakini zisizopondeka, na mwisho nazi iliyokunwa, isiyokamuliwa tui. Hakuna kitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa chakula hicho hutolewa kwanza mbele ya ngazi, na mpishi haonji kabla ya hapo; chumvi hukadiriwa kwa mkono. Nazi walikuwa wakiikuna kwa aruvamanai, kisu kilichosimikwa juu ya ubao wenye kukanyagwa, ambacho ncha yake ina meno kama ya mbuzi yetu, na siku niliyoketi chini nikakuna nazi nzima bila kuchanganya na kifuu, Paati alimwambia Amma jambo ambalo halikutafsiriwa kwangu, lakini tangu siku hiyo nazi zote zikawa zangu.

Wageni huanza kuja baada ya taa kuwashwa. Hutazama ngazi, huombwa waimbe, na hapo mtoto aliyesoma Karnatik, muziki wa jadi wa kusini mwa India, hujificha nyuma ya mama yake mpaka alazimishwe. Wakiondoka, wanawake hupewa kile kiitwacho thamboolam: majani ya tambuu na popoo, kipande cha manjano, kumkumu ya kupaka kwenye paji la uso, ndizi au nazi, bangili, na zawadi ndogo, mara nyingi kipande cha kitambaa cha blauzi. Hapa niseme wazi kwamba vitambaa hivyo vya blauzi havishonwi. Huzunguka jijini kutoka nyumba hadi nyumba, na ndiyo maana Amma ana daftari ambamo ameandika nani alileta nini, asije akamrudishia mtu kitambaa chake mwenyewe. Nimewahi kuona kimoja cha kijani chenye ukingo wa zambarau kikitoka kwetu siku ya pili ya sikukuu na kurejea siku ya saba.

Daftari hilo linaonyesha kitu ambacho ngazi haionyeshi. Ukilisoma utaona nani amegombana na nani, nani amehama, nani ameacha kuja. Pia utaona majina ambayo zamani hayakuwamo. Kwa desturi ya kale, mjane hapewi kumkumu wala tambuu, kwa kuwa vitu hivyo ni alama za mwanamke mwenye mume, na jirani yetu mmoja, baada ya kufiwa, alikuwa akija kutazama golu akisimama barazani, anasifu kutoka hapo, kisha anaondoka kabla zawadi hazijaanza kugawiwa ili asimtie mtu katika aibu ya kumruka. Jioni moja Amma alitoka na sinia lake mpaka barazani, akamshika mkono, akampaka kumkumu yeye mwenyewe, akamwekea tambuu kiganjani. Walikuwapo wageni walionyamaza, na mmoja aliaga mapema. Paati, ambaye yeye mwenyewe ni mjane na kwa miaka yote hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti chake bila kupewa kitu, alinyoosha mkono na kusema kwamba na yeye anasubiri. Katika yote niliyoyaona katika nyumba ile, hilo naliweka juu ya Dasavatharam, na sidhani kwamba lingeweza kutokea katika sikukuu isiyo na desturi ya mlango wazi.

Mwaka 2020 golu ilipangwa bila wageni. Ilikuwa Oktoba ya korona. Paati hakuruhusiwa kukutana na mtu, na jamaa walituonyesha ngazi zao kwa simu, nasi tukawaonyesha yetu. Tulikuwa na muda kuliko mwaka wowote, kwa hiyo ngazi ilikuwa nzuri kuliko zote: marapachi walipata mavazi ya hariri mpya, bustani ya mharadali ilichipua sawasawa, mpangilio haukuwa na kasoro. Ilipofika siku ya nne Amma alipika sundal robo tu ya kawaida, akatazama ile ngazi na kusema, "Nimeipangia nani?" Baadaye aliteremka na kufunga vibakuli vya sundal katika mifuko, akavitundika kwenye malango ya majirani, na daftari la mwaka huo lina orodha ya malango badala ya watu.

Siku ya tisa ni ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, na ya vifaa. Vitabu, vinanda vya veena, kompyuta, cherehani yangu na hata pikipiki ya mume wangu hupakwa kumkumu na kupumzishwa, na mwanafunzi hupata ruhusa halali ya kutogusa kitabu, ambayo nasikitika kwamba shule za kwetu haziijui. Siku ya kumi, Vijayadashami, vitabu hufunguliwa tena, na watoto wadogo hushikwa kidole na kuandikishwa herufi zao za kwanza katika sinia la mchele. Jioni yake marapachi hulazwa chali kwenye kipandio chao, kuashiria kwamba baraza limefungwa. Nazi ya kalasam hupikiwa kitu kitamu, na maji yake hunyunyizwa pembe zote za nyumba.

Kufunga huchukua muda mrefu kuliko kupanga, na Amma hamruhusu mtu mwenye haraka kushiriki. Mwanasesere hupanguswa kwa kitambaa kikavu, kamwe si chenye maji, hufungwa kitambaa laini cha pamba usoni, kisha gazeti, kisha hulazwa kwa ubavu na jirani yake akielekea upande wa pili ili vichwa visigongane. Majani makavu ya mwarobaini hutiwa katikati kwa ajili ya wadudu. Masanduku hurudishwa darini na si stoo ya chini, kanuni ambayo Mylapore nzima huikazia tangu mafuriko ya mwaka 2015, kwa kuwa udongo usiochomwa vizuri ukilala ndani ya maji hurudi kuwa tope. Sanduku la kalasam na la veshti ndilo hupandishwa mwisho, maana ndilo litakalohitajika kwanza. Na juu ya kila kifuniko Amma huandika kwa Kitamil kilichomo, nami chini yake huandika kwa Kiswahili, kwa kuwa mwakani atakayepanda darini ni mimi.